Mwanafunzi asipokelewe kabla mradi wake haujaandikwa

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba nafasi niongee na waajiri, hasa wale ambao barua za vyuo za kuombea wanafunzi nafasi za kujifunza kazi zikifika wanasaini tu kwamba wamekubali, hafu siku vijana wanaripoti hakuna anayejua kama wanakuja, kiti hakuna, kompyuta hakuna na aliyesaini yuko safari. Mtoto wa watu anakaa mapokezi na simu yake mpaka saa ya kutoka, kesho hivyo hivyo, keshokutwa anatumwa kutoa kopi, na muda ukiisha tunamgongea muhuri kwenye logibuku, lile daftari la chuo la kuandika alichofanya kila siku, kwamba kajifunza kazi. Kajifunza nini jamani?

Siku hizi kuna huu utaratibu wa muda mfupi, wiki nne mpaka nane hivi, mwanafunzi au kikundi kinapewa mradi mmoja wenye mwanzo na mwisho. Mimi naukubali sana, nimekaa na hawa vijana ofisini na nimeona wanachoweza. Ila unataka maandalizi kuliko ile fildi ya miezi mitatu, maana kule ukipoteza wiki ya kwanza unaweza kufidia mbele ya safari, huku kwenye wiki nne umeshapoteza robo nzima. Na inavyopotea ni kwa vitu vidogo kweli, mara paswedi haijatengenezwa, mara ruhusa ya kuingia kwenye mfumo inasubiri saini, mara data anazotakiwa kuzifanyia kazi zina majina na namba za simu za wateja kwahiyo lazima kwanza mtu afute hayo majina na namba, na huyo mtu ana kazi zake. Yote hayo yanafanyika kabla hajafika kama kuna mtu kaambiwa ni jukumu lake.

Halafu mradi wenyewe. "Atatusaidia upande wa masoko" huo siyo mradi. Kuna binti mmoja alipewa malalamiko ya wateja ya mwaka mzima, swali likawa moja tu, watu wanalalamikia nini zaidi na kwa nini hatukuwa tunaona. Akakuta tatizo moja la bili limeandikwa kila mtu na maneno yake, huyu wa kaunta kaandika "bili", yule "makato", mwingine kaandika "mengineyo" akaishia hapo, kwahiyo kwenye ripoti za kila mwezi lilikuwa linaonekana kama vitu vitatu vidogo wakati ndo lilikuwa kubwa kuliko yote. Akatengeneza fomu fupi yenye orodha moja ya sababu, akakaa kaunta na wale wanaopokea malalamiko wakaijaribu, akarekebisha walipokwama, akaondoka. Fomu inatumika mpaka leo. Hakuwa na maajabu yoyote yule binti, alipewa swali linaloeleweka, data zikiwa tayari, na mtu wa kumuuliza.

Na huyo mtu wa kumuuliza ndo pagumu. Waajiri wengi wanamtupia mwanafunzi mfanyakazi ambaye tayari kaelemewa, hawampunguzii hata kazi moja, unategemea nini hapo? Kusimamia mwanafunzi ni kazi kama kazi nyingine, iwekwe kwenye majukumu yake na bosi wake ajue. Nusu saa kila asubuhi wiki ya kwanza inaokoa mengi, maana kijana akikosea njia siku ya pili akagundulika siku ya kumi basi tena.

Kuhusu hela naomba tusizunguke. Profesa Herman Schneider alipoanzisha mpango wa kuunganisha masomo na kazi pale Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, wanafunzi walikuwa wanapokezana, kundi moja darasani lingine kiwandani, na kiwandani walikuwa wanalipwa. Ufaransa leo sheria inamlazimisha mwajiri kumpa mwanafunzi posho akikaa zaidi ya miezi miwili. Sasa angalieni, hii miradi ya wiki nne au sita inapita chini kabisa ya kiwango kama hicho, ndo maana nasema tusisubiri sheria itulazimishe. Nauli yake tu inamshinda kijana ambaye kwao hakuna kitu, anaacha nafasi nzuri anachukua ya karibu na kwao hata kama haihusiani na anachosoma, na wewe mwajiri umempoteza pengine yule aliyefaa kuliko wote.

Vyuo navyo vitusaidie kwa kuwa wakali. Kabla ya kumpangia mwanafunzi, mwajiri atakiwe kujaza karatasi moja: mradi ni upi, mwishoni kitoke kitu gani, nani atamsimamia, nani ndani ya ofisi atakitumia hicho kitu akishaondoka, na posho au nauli ni kiasi gani. Akishindwa kuijaza, mwanafunzi apelekwe kwingine, na mwaka unaofuata mwajiri huyo aulizwe upya kabla ya kupewa mtu.

Ni mimi msomaji wako,
Msimamizi wa wanafunzi kazini