Shukrani kwa Mstaafu wa Reli wa Moshi

Napenda kumshukuru hadharani mzee mmoja wa hapa Moshi, mstaafu wa karakana ya reli, ambaye ameniomba nisimtaje jina.

Nilikuwa nikiunda, kwa vipande vya mbao na bati, mfano mdogo wa behewa la mafundi wa njia, lile la kubebea mataruma na zana za matengenezo, lakini sikuwa na mchoro wala vipimo, ila picha moja ya zamani iliyopigwa kutoka nyuma ya behewa. Mzee hakuniuliza kazi hii ina faida gani (swali nililolizoea). Alichukua rula, akapima nafasi kati ya reli mbili pale magurudumu ya nyuma yalipokanyaga, akanieleza kwamba reli yetu ya Tanga hadi Arusha ina upana wa milimita 1,000, hivyo picha yenyewe ni kipimo. Palepale akakokotoa upana wa behewa na kimo cha paa, kisha akagawa kila namba kwa 22.5 ili mfano ukae kwenye njia yangu ya milimita 45. Urefu, ambao picha haikuuonyesha, aliukadiria kwa uzoefu wake wa karakana. Baadaye alinifundisha kulehemu ngazi ya waya wa shaba kabla ya kuipachika, mbao zisiungue, na akakataa malipo, hata soda.

Asante sana, mzee wangu. Nanyi mlio na picha za mabehewa ya zamani kabatini, waonyesheni wanaoziulizia, hasa zile zinazoonyesha ubavu mzima.