Barua kwa mwanangu: tunutu wa kereng'ende

Tengeru, Arusha

Mwanangu Neema,

Hatujambo. Umesema klabu yenu ya sayansi hapo Moshi inataka kufuga tunutu, yaani watoto wa kereng'ende waishio majini. Vizuri, ila mjue hatari kubwa kwa tunutu ni siku ya kutoka majini.

Mtafuteni kwenye majani ya kando ya bwawa la samaki au mfereji uliotulia, kwa kichujio cha mpini mrefu, kisha mmwage tope kwenye beseni jeupe. Miguu mitupu isiingie majini, kuna kichocho. Tunutu ana rangi ya tope, miguu sita na macho makubwa. Akiwa na vijani vitatu mkiani, huyo ni wa jamii nyembamba. Yule mnene hana. Matamvua yake, ya kupumulia majini, yamo ndani, mwisho wa utumbo. Huvuta maji kwa nyuma, na akishtuka huyatema kwa nguvu akachomoka. Mchokoze na kijiti utaona.

Kila mmoja na chombo chake. Mkiweka wawili, mtamkuta mmoja, kashiba. Lita 2 zinatosha: maji ya bwawani, au ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima klorini ipungue. Chakula ni viluwiluwi wa mbu walio hai, kwani huwinda kinachotikisika. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama kiwiko. Hufyatuka na kunasa kabla hujapepesa jicho. Funikeni kwa chandarua, la sivyo mtafuga mbu. Toeni mabaki kila siku, yakioza yanamaliza hewa.

Huambua ngozi mara kumi hivi au zaidi. Wale wa madimbwi ya mvua humaliza chini ya miezi miwili; wengine hupitisha mwaka. Hawana hatua ya bundo, ile ya kutulia bila kula kabla ya kupata mabawa, kama kipepeo. Vifuko vya mabawa vikivimba, akaacha kula na kutoa kichwa nje ya maji, siku imefika.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kijiti kiwe cha mti wenye gome la kukwaruza, kisimame toka chini hadi sentimita 20 juu ya maji. Mrija wa plastiki unateleza: anaanguka, mabawa yanakauka yamejikunja, na haruki tena. Hupanda usiku au alfajiri, mgongo ukapasuka, akajivuta nje. Msimguse hata kidole mpaka mabawa yakauke, saa kadhaa.

Gamba litakalobaki kijitini libandikeni kwenye kadi na tarehe. Nyuzi nyeupe zinazoning'inia ndani yake ni bitana ya mirija yake ya hewa, mwalimu atauliza.

Mama