Barafu ya kudumu ina wakazi

Mhariri,

Kauli kwamba barafu ya kudumu haina uhai irekebishwe. Juu ya barafu ya Greenland, vumbi jeusi hunyonya joto la jua na kuyeyusha vishimo vyenye maji yanayokaribia nyuzijoto 0. Humo sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) wenye umbo la nyuzi hulifunga vumbi kuwa punje, na bakteria wengine hula wanachotengeneza.

Adui wa kwanza ni kukakamaa. Utando wa seli kwa sehemu kubwa ni mafuta, nayo baridini hugandamana kama samli. Basi bakteria huongeza asidi za mafuta zisizoshiba. Hizo zina kipinda, hazibanani, na utando hubaki laini. Vimeng'enya vyao (protini zinazoharakisha kazi za seli) navyo vimelegea kimaumbile ili vifanye kazi kwenye baridi, ila huharibika upesi joto likipanda. Wengine hutoa protini zinazozishika fuwele za barafu zisikue.

Kwa kuwa joto huwaharibu, maabara inayotaka kuwaotesha bakteria hawa inaweza kukosea. Kipande cha barafu kisiyeyushwe kwa maji moto. Kwangua tabaka la nje kwa kisu kilichotakaswa, acha kipande kiyeyuke ndani ya chombo safi kwenye jokofu la nyuzi 4, kisha tia maji yake kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, otesha kwa nyuzi 4 hadi 10 na usubiri wiki kadhaa. Ukiotesha kwa nyuzi 37 (mazoea ya hospitali hayo) utavuna zaidi bakteria wa mikono yako. Weka pia sahani moja kama hizo iliyotiwa maji yaliyotakaswa tu badala ya maji ya barafu. Ikiota kitu, matokeo yote yana shaka.

Mwalimu wa Baiolojia,
Moshi