Kaka, mruhusu mtoto aende Namugongo

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Haya ningependa tuyazungumze kwa simu, lakini juzi ulikata kabla sijamaliza. Tena najua hauko peke yako. Wapo wazazi wengine hapa Bukoba ambao fomu ya shule, ya safari ya kwaya kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, iko mezani na hawajaisaini. Nakuandikia wewe, na wao wakisoma ni sawa.

Ulisema ada haijaisha, barabara inatisha, na kuimba hakumpi mtu kazi. Nauli nimeshalipa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano anayo. Kuhusu barabara sikubishii, hata mimi silali mtoto akiwa safarini. Lakini wanaondoka alfajiri, walimu wanne wako nao, na kutoka hapa hadi mpakani Mutukula ni kilomita kama 80 tu. Hilo la kuimba ndilo lililoniuma.

Nilipokwenda na kwaya ya shule nilikuwa kidato cha tatu, naimba sauti ya pili. Tulifika Namugongo giza limeshaingia. Nilitegemea kuona kanisa, nikakuta watu. Wamelala chini kwenye mikeka, wamejifunika kanga na mablanketi, na wengi wao walikuwa wametembea kwa miguu siku nyingi kuiwahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa imani yao, tarehe 3 Juni. Karibu yetu alikaa bibi mmoja anajipaka mafuta ya mgando kwenye visigino vilivyopasuka. Mwalimu akasema tuimbe hapohapo tulipo, bila kinanda, bila ngoma. Akatutolea sauti kwa mdomo. Baridi ilikuwa imetukaba koo, soprano wakapanda juu mno, tukakwama. Tukaanza upya.

Mara ya pili yule bibi aliacha visigino vyake. Kiswahili hakukijua. Lakini wimbo ule ulikuwa na ubeti wa Kihaya, na alipolisikia neno Mukama akainua uso, maana Waganda nao Bwana humwita hivyohivyo. Akaanza kuitikia kwa lugha yake, waliomzunguka wakadakia. Ubeti ule tuliurudia mpaka sauti zikakauka. Kaka, nimeimba kwenye harusi, misiba na majukwaa tangu siku hiyo, na kila nikisimama kuimba bado namtafuta bibi yule kwa macho.

Asubuhi tuliingia ndani ya basilika. Imejengwa kwa umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, imezungukwa na nguzo 22, kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki. Nilizihesabu zote. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka 14. Alibatizwa na Karoli Lwanga, kiongozi wao, kule Munyonyo, wakiwa wanajua kinachowasubiri, kisha wakaswagwa hadi Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wamefungwa ndani ya mikeka ya matete. Habari hii nilikuwa nimeiimba tangu Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, bila kuwaza kwamba ni ya mtoto mwenye mwili kama wangu. Pale ndipo ilipoingia.

Mwanao ana miaka 14 sasa. Jumamosi nilimkuta jikoni anamenya ndizi huku anafanya mazoezi, kisu kinasimama kila anapofika kwenye noti ndefu. Hakujua niko mlangoni. Hajakulalamikia hata mara moja, wala hajanituma.

Unamkumbuka babu. Papa Paulo VI alipokuja Uganda mwaka 1969, miaka mitano baada ya kuwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu, babu alisema kahawa imemzidi, atakwenda kuhiji mwakani. Na kila mwaka alisema hivyo. Hatimaye miguu ikakataa, akabaki kutuuliza sisi tuliokwenda: nguzo zikoje, maji ya ziwa lile dogo yana rangi gani, watu wanaimbaje. Nilimwimbia ubeti ule kando ya kitanda chake zaidi ya mara moja.

Fomu iko kwenye begi la mtoto, mfuko wa nyuma, amekunja mara mbili. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Sweta nimemnunulia, kule usiku kuna umande mkali. Mwambie tu asinywe maji ya baridi wiki hii.

Dada yako