Sikio la Tumbaku: malalamiko kuhusu matibabu ya mbwa wangu

Ganda, Malindi
24 Februari 2025

Kwa Meneja,
Duka la Dawa na Matibabu ya Mifugo,
Tawi la Malindi.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: SIKIO LA MBWA LILILOCHOMWA MARA TATU BILA KUTAZAMWA NDANI

Baada ya salamu. Mimi ni mteja wenu wa miaka sita na ushei. Dawa ya minyoo ya mbuzi, dawa ya kupe, chumvi ya kulamba, vyote nanunua kwenu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nawaandikia kwa ajili ya sikio la mbwa, na naomba msicheke kabla hamjafika mwisho.

Mbwa mwenyewe anaitwa Tumbaku, kwa rangi yake. Kazi yake ni kulinda mbuzi na miembe yangu usiku. Wako majirani wanaoniuliza inakuwaje mtu anayeswali ahangaike na mbwa kiasi hiki. Nawajibu kwamba mbwa wa mifugo na wa shamba ana ruhusa yake inayojulikana, na ukishafaidi kazi yake huwezi kumwacha na maumivu yake.

Mwanzoni mwa Januari, kaskazi ikiwa imekaza na joto halilaliki, nilianza kumsikia usiku akitikisa kichwa. Masikio yalikuwa yakigonga ukuta wa baraza, pa-pa-pa, kama mtu anayekung'uta mkeka. Jumamosi tarehe 11 nikamkuta sikio la kushoto, lile jani lenyewe linaloning'inia, limevimba kwa upande wa ndani kama hamri lililoumuka. Lilikuwa vuguvugu, na ukilibonyeza unahisi maji yanahama chini ya kidole, kama pakiti ya maziwa. Nikapiga simu dukani.

Alikuja kijana wenu kwa bodaboda, mkoba mgongoni. Akasema, "Mzee, hili jipu." Akachoma sindano, akavuta bomba la mililita 20 likajaa, akalimwaga mchangani, akavuta la pili. Ilitoka damu, nyepesi, haina harufu. Mimi si daktari, lakini nimekamua majipu ya mbuzi wengi: jipu hutoa usaha, na harufu yake haijifichi. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kuwa hiyo ni damu chafu. Nikalipa shilingi 1,800.

Kufikia Jumanne sikio lilikuwa limejaa tena. Alhamisi tarehe 16 akarudi, akafanya yale yale, shilingi 1,800 nyingine, na safari hii akanitaka nitume M-Pesa kwa simu yake mwenyewe badala ya namba ya malipo ya duka. Nilipomuuliza kama amesajiliwa kutibu wanyama akacheka: "Kwani mzee unataka kuniajiri?" Mara ya tatu, tarehe 28, nilimleta Tumbaku dukani kwenu mwenyewe. Sindano, damu, shilingi 1,800, na juu yake nikauziwa chupa ya dawa ya matone kwa shilingi 650. Mara zote tatu, Bwana Meneja, hakuna aliyeinua lile jani la sikio akachungulia tundu. Kijana alikuwa anatibu mlango, nyumba hajaingia.

Na kuna jambo la simu. Jioni ya siku ile ya tatu mbwa alikuwa analia, nikapiga namba yenu ya wateja. Sauti ya kike ikaniambia nimpe kidonge cha maumivu cha binadamu, ibuprofeni, "nusu tu." Nilikuwa nimeshakitoa kwenye karatasi yake nilipozuiwa na mpwa wangu, ambaye anauza katika duka la dawa mjini. Baadaye nimejua kwa nini alinishika mkono. Ibuprofeni humtoboa mbwa vidonda tumboni na kumharibu figo, na paracetamoli nayo si ya kumpa mbwa kwa kukisia. Kwa hili sina la kupunguza: aliyesema hivyo kwa jina la duka lenu alikuwa anaweza kumuua mbwa wangu kwa simu.

Nikakodi Probox hadi Kilifi kwa daktari wa mifugo mwingine. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuniuliza mbwa ametikisa kichwa kwa siku ngapi kabla ya uvimbe. Hilo swali kijana wenu hakuwahi kuniuliza. Akachukua kifaa chenye taa, akachungulia tundu la sikio, akatoa kupe mmoja aliyeshiba kama mbegu ya mbono. Kisha akaingiza pamba kwenye kijiti, ikatoka na uchafu wa kahawia wenye harufu ya kitu kilichochacha. Akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, akaweka chini ya hadubini na kuniita nitazame. Niliona vitu vidogo vya zambarau, vingi, vimebanwa katikati kama njugu isiyomenywa. Akasema ni fangasi wa jamii ya hamira. Kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya mbwa bila kumsumbua, lakini sikio linaloning'inia, joto na unyevu wa pwani huwafanya wazaane kupita kiasi. Wanawasha. Mbwa anatikisa kichwa na kukwaruza, mishipa midogo ya damu inapasuka ndani ya jani la sikio, na damu haina pa kutokea.

Akanieleza jinsi sikio lilivyo: ngozi huku, ngozi kule, katikati gegedu, ule mfupa laini unaopindika. Damu ikimwagika inaibandua ngozi kutoka kwenye gegedu na kutengeneza mfuko. Sindano inaondoa damu, mfuko unabaki. Kama kinachowasha bado kimo ndani, mbwa akitikisa kichwa mara mbili tu mfuko unajaa tena. Hapo ndipo nilipoelewa zilikokwenda shilingi zangu 5,400.

Sitaki niwaonee. Daktari mwenyewe alisema kuvuta damu kwa sindano si kosa kwa uvimbe mdogo na mpya, hasa kukiambatana na dawa ya kupunguza uvimbe kama prednisoloni na tiba ya sikio lenyewe. Mbwa wengine hupona hivyo bila kisu. Kwa hiyo ile ziara ya kwanza nawaachia. Lakini kurudia jambo lile lile mara ya pili na ya tatu, na kuliita jipu ilhali damu iko mbele ya macho yako, hapo sioni cha kuwatetea.

Ile chupa ya matone nayo nilimwonyesha. Akaisoma, akanyamaza kidogo, akauliza kama aliyeiuza alitazama kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu. Ndani ya chupa mna gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Kiwambo kikiwa kimetoboka, dawa hiyo inaweza kupenya hadi sikio la ndani na kumwachia mbwa uziwi, au kumfanya ayumbe kama mlevi. Bahati yetu kiwambo cha Tumbaku kilikuwa kizima. Mbwa wa ulinzi asiyesikia mnajua atakavyonifaa.

Kabla ya kumpasua alitoa damu kuhesabu chembe zinazogandisha damu, maana kupe wa huku huleta ugonjwa wa damu unaozipunguza, na mbwa wa namna hiyo ukimkata anaweza kuvuja mpaka mwisho. Zikawa sawa. Akamfanyia upasuaji Alhamisi tarehe 6. Alikata upande wa ndani wa sikio, akatoa mabonge ya damu, kisha akashona nyuzi nyingi fupi zinazopita sikio zima, ngozi hadi ngozi. Nimewahi kumtazama fundi akishona godoro la sufi, anapotoboa huku na kutokea kule ili sufi isihame. Ndicho alichofanya. Nyuzi zote amezilaza kufuata urefu wa sikio, ili zisibane mishipa inayolilisha, na ule mkato hakuufunga kabisa, akauachia nafasi maji yaliyobaki yachuruzike.

Kola ya plastiki ya kumzuia asijikune ilikuwa imekwisha, tukakata kitako cha ndoo ya rangi na kumvika. Sasa anagonga kila mlango na mbuzi wanamkimbia. Tundu la sikio nalisafisha na kulitia dawa kila siku kama nilivyoelekezwa, na yale makofi ya usiku sijayasikia wiki mbili sasa. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama ningeliacha lilivyo. Akanijibu kwamba damu ingeganda na kunyauka polepole, na kulivuta sikio likunjamane. Nimelifikiria kama jani la mkorosho lililokauka. Kukunjamana ni sura tu, lakini tundu likibanwa nalo, ugonjwa hauishi.

Sasa madai yangu. Nirudishieni gharama za ziara ya pili na ya tatu, shilingi 3,600, pamoja na shilingi 650 za ile chupa. Jumla ni shilingi 4,250. Upasuaji sijawadai, ingawa Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kutosha na ya kufidiwa akipata hasara, na nimeisoma. Nakala za ujumbe wa M-Pesa, risiti yenu iliyoandikwa "jipu" na maelezo ya daktari nimevibana nyuma ya barua hii.

Pili, nataka jibu la maandishi: yule kijana amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ama hakusajiliwa? Sheria ya madaktari wa mifugo ya 2011 haimruhusu kila mwenye mkoba na sindano kutibu. Kama ni mfanyakazi wa kaunta mliyemtuma kwa sababu mwenye cheti yuko mbali, semeni hivyo. Simtakii afukuzwe kazi. Ni kijana mpole, na mikono yake haitetemeki. Ninachotaka ni afundishwe, anunuliwe kile kifaa chenye taa, na hadi hapo asiguse sikio la mnyama wa mtu. Na huyo wa simu aambiwe leo, asingoje mafunzo.

Nawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nakala itakwenda kwenye Bodi.

Nyuzi zinatolewa Alhamisi hii tarehe 27. Tukirudi kutoka Kilifi nitapitia dukani kwenu alasiri kununua dawa ya kupe, kwa kuwa duka jingine lenye ile ya kuogeshea silijui huku. Tumbaku nitakuwa naye ndani ya gari. Mkipenda, tokeni mlione hilo sikio.

Wenu,
Mteja wa Ganda
(jina na namba ya simu mnavyo kwenye daftari lenu la wateja)