Mama alisema moyo unamchafuka

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukuandikia, lakini taarifa yenu ya juma lililopita imenishinda kuvumilia. Mchangiaji wenu alidai kwamba fasihi na sanaa hazina nafasi katika vyuo vya udaktari, kwa kuwa miaka mitano haitoshi hata kwa masomo ya tiba yenyewe.

Mwaka jana nilimpeleka hospitalini mama yangu, mzaliwa wa Pangani. Alimweleza daktari kijana kwamba tangu alfajiri moyo ulikuwa unamchafuka. Daktari, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta, alituandikia kipimo cha moyo. Tukalipa, tukakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, majibu yakatoka kwamba moyo ni mzima, na muda wote huo mama alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga akijizuia kutapika. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu, Mhariri! Nilipojaribu kufafanua, niliambiwa nimwache mgonjwa ajieleze, naye mama, ambaye alikwisha kujieleza, akanyamaza. Vidonda vya tumbo viligunduliwa wiki tatu baadaye na daktari mwingine, aliyemwamkia, akavuta kiti na kumwambia: “Mama, hapo panapokuchafuka, nionyeshe kwa mkono.”

Simlaumu yule kijana peke yake. Akiingia kidato cha tano tunampa fizikia, kemia na baiolojia, ushairi na riwaya anaviacha nyuma, kisha tunamfundisha udaktari kwa Kiingereza na kumpeleka kwa watu wanaougua kwa Kiswahili. Ndiyo maana wodini madaktari huzunguka kitanda wakimjadili kwa Kiingereza mtu aliyelala katikati yao, naye akihangaika kusoma hatima yake kwenye nyuso zao. Nimeliona hilo mara nyingi, na kila mara limeniumiza.

Kule Hershey, Marekani, chuo cha tiba cha Penn State kilianzisha idara ya insia, yaani masomo kama fasihi, historia na falsafa, tangu mwaka 1967, na hakuna aliyesema kwamba anatomia imekosa nafasi. Sisi tuanze na saa moja. Kila Alhamisi, mzee mmoja aliyeugua alipwe nauli, aketi mbele ya darasa na kusimulia ugonjwa wake tangu mwanzo pasipo kukatizwa. Wanafunzi wamwandike kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu wa fasihi asahihishe, kisha mzee asomewe na aseme kama ndivyo alivyosema. Asiyefaulu arudie. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu, na nipo tayari kusahihisha madaftari hayo bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga