Matuta ubavuni mwa bakuli za mbao

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba, hasa vijana wanaochonga bakuli za mwembe na mfenesi kwa mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, kwamba mistari inayobaki ubavuni haiondoki kwa kuilaumu mashine wala kwa kumaliza misasa.

Biti, yaani kisu kinachozunguka cha mashine, ikiwa na ncha ya duara huacha matuta kila inapopita. Biti ya kipenyo cha milimita 6 ikisogea milimita 1 kati ya mpito na mpito huacha tuta la takriban milimita 0.04, na nafasi hiyo ikipunguzwa nusu, tuta hushuka hadi robo yake. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali tambarare. Pale mpito mmoja unapokuwa juu ya mwingine, ubavu ulioinuka digrii 60 huikuza nafasi ile maradufu, kwa hiyo matuta huwa makubwa mara nne, na ndiyo maana kitako hutoka laini ilhali ubavu unakwaruza mkono. Programu ipangiwe kuuzunguka ubavu ngazi kwa ngazi, badala ya kwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka.

Hata baada ya hapo, ubavu ukikwaruza pande mbili tu zinazokabiliana, huenda nyuzi za mti zinang'olewa badala ya kukatwa. Hapo biti butu ibadilishwe, na mpito wa mwisho uondoe mbao kidogo sana. Mbao nayo iwe imekauka. Bakuli zangu kadhaa za mfenesi mbichi zilitoka na manyoya ambayo msasa haukuyaweza.

Fundi seremala,
Fuoni, Unguja